Chagua maji kwanza, hoteli baadaye: mwongozo wa likizo ya visiwani kwa watu wa Moshi na Arusha

Mara ya kwanza kuipeleka familia yangu Unguja nilichagua hoteli kwa picha. Bwawa la buluu, minazi miwili imeinamia maji, kitanda kimetandazwa maua ya bogenvilia. Tulitoka Moshi na basi la alfajiri, tukalala Dar, tukapanda boti ya asubuhi, na kwenye saa tano tukawa hotelini, pwani ya mashariki. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea chini ya nguo zao tangu Dar. Tukawaacha watu wa mapokezi na karatasi zao, tukaenda moja kwa moja ufukweni. Bahari haikuwapo.

Kulikuwa na mchanga, kisha tope jeupe, kisha safu za vijiti vyenye kamba za mwani, na mbali kabisa mstari mwembamba wa mawimbi yakipiga mwamba. Mwanangu wa miaka sita akaniuliza, "Mama, bahari wameipeleka wapi?" Bibi mmoja aliyekuwa anapita na gunia la mwani kichwani akamsikia, akacheka. Nikamwamkia. "Marahaba. Maji yamekupwa, mwanangu. Yatarudi alasiri."

Sisi watu wa mlimani tunajua mvua, tunajua leo zamu ya mfereji ni ya nani, lakini bahari hatuijui. Baadaye nilikuja kukaa kwenye dawati la buking Arusha, nikiwapangia watu safari za visiwani, na swali la kwanza ninaloulizwa mpaka leo ni "hoteli gani nzuri?" Hoteli nzuri ziko nyingi. Kazi iko kwenye kujua maji yaliyo mbele yake yanafanya nini saa ambayo wewe unataka kuogelea. Ndiyo maana mpangilio wangu unaanzia mbali na hoteli.

Hatua ya 1: Andika nani anakwenda

Chukua karatasi kweli, uandike. Mtoto chini ya miaka minane anataka maji ya magotini na bwawa. Mama mkwe anataka chumba cha chini kisicho na ngazi, na chakula anachokitambua. Maharusi wanataka ukimya. Vijana wanne kutoka Njiro wanataka muziki na mahali pa kwenda usiku. Hakuna hoteli moja inayowafaa wote hao, na ugomvi mwingi wa likizo nilioushuhudia ulianzia hapa: anayelipa alichagua anachokipenda yeye.

Andika pia nani hajui kuogelea. Kwa familia nyingi za huku kwetu jibu ni "wote isipokuwa mmoja". Fukwe nyingi hazina mtu maalumu wa kulinda waogeleaji, kwa hiyo bwawa lenye upande wa kina kifupi ni hitaji la lazima kwenu, hata kama bahari iko hatua kumi.

Hatua ya 2: Chagua kisiwa

Kwa walio wengi jibu ni Unguja, na sitawachosha. Kuna usafiri kila siku, hoteli za kila bei, na siku mkichoka na maji kuna Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, na msitu wa Jozani wenye kima punju, ambao asili yao ni Unguja pekee.

Pemba ni ya anayetaka kutoweka. Ina vilima, mikarafuu na kijani kila upande. Ukikaa vibaya unaweza kudhani umerudi Marangu. Hoteli za ufukweni ni chache na zimetawanyika, Vumawimbi kule kaskazini ni ufukwe mzuri usio na msongamano, na wazamiaji wanaisifu sana bahari yake. Ila ukitaka kutoka jioni ukatembee madukani, utaboreka siku ya pili.

Mafia watu huisahau. Iko mkoa wa Pwani, si Zanzibar, na ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Anayekwenda Mafia anafuata kilicho ndani ya maji: matumbawe ya ghuba ya Chole, na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na shida na mtu, ambaye huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Anayefuata mchanga mweupe mrefu wa kwenye kalenda atasikitika, kwa sababu mbele ya hoteli kadhaa kuna mikoko. Ndani ya hifadhi kuna ada ya kila siku kwa kila mtu, na mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kisiwa, ukiwa na mwezi mkononi

Hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Maji ya bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake inaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mita nne za kwenda juu zinageukaje kuwa bahari iliyotoweka? Inategemea sakafu ya bahari. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, sakafu ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu yanarudi nyuma mamia ya mita, na penginepo karibu kilomita nzima. Kaskazini, Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, sakafu inashuka haraka, na unaweza kuogelea karibu saa zote.

Sasa unganisha na saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa tano asubuhi, mashariki. Hata ningepanga makusudi nisingeweza kupatia vibaya kiasi kile. Wiki moja baadaye saa hugeuka, maji yakawa yanajaa asubuhi na kupwa jioni, lakini kwa kuwa ni maji mafu hayaendi mbali, na hata mashariki unapata pa kuogelea muda mrefu wa mchana.

Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe kwa bosi wako, angalia mwezi. Jirani mwenye kalenda ya Kiislamu atakusaidia kuliko programu yoyote ya simu: kuanzia tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Ukiwa na watoto na mmeshaamua mashariki, lenga maji mafu.

Nisieleweke vibaya, mashariki siichukii. Maji yakipwa, ule uwanda unakuwa shamba: akina mama wanakagua mwani, watoto wanafukuzana na kaa, na wewe unatembea hadi karibu na mwamba ukiona nyota za baharini kwenye vidimbwi. Vaa yeboyebo au viatu vingine vya mpira, kwa sababu kuna vile viumbe vyeusi vyenye miiba kama nungunungu, na mwiba wake ukivunjikia kwenye unyayo likizo yako imekwisha. Muulize mwenyeji saa ya kurudi. Maji yanapoanza kurudi hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako.

Kaskazini nako kuna hila yake. Sehemu kadhaa za Nungwi, na pia Matemwe na Kizimkazi, hoteli zimejengwa juu ya mwamba. Picha inaonyesha bahari chini ya veranda, kweli, lakini kuifikia ni ngazi, na maji yakijaa ule mchanga mdogo wa chini unafunikwa wote. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, kuza mpaka uone paa la hoteli, kisha angalia kati ya paa na maji kuna nini. Mchanga ni mweupe mpana. Mwamba ni ukingo wa kijivu wenye mikunjo. Dakika tano za kazi hiyo zina faida kuliko kusoma maoni mia ya wageni.

Na kama unataka kuona jua likizama baharini, usilitafute pwani ya mashariki. Nenda Kendwa, Nungwi, au Michamvi Kae, ambako rasi imejikunja na kuangalia magharibi.

Hatua ya 4: Chagua mwezi

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoteli hushusha bei na baadhi hufunga kabisa kwa matengenezo. Watu wa Arusha mnajua, Aprili ndiyo magari ya safari yamepaki na madereva wako nyumbani, kwa hiyo ndipo wengi wetu tunapata nafasi. Mnaweza kwenda, nimekwenda, na kuna siku mvua hunyesha usiku na mchana ukawa wa jua. Ila chagua hoteli yenye mahali pa kukaa pasipo pa kuogelea: baraza pana, mgahawa wenye paa, karata. Masika katika banda la makuti lenye kitanda tu ni kifungo.

Juni hadi Septemba ni kusi. Hewa ni kavu na haina joto kali, shule za huku zinafungwa Juni, na wageni wa nje nao wanaanza kumiminika, kwa hiyo buking ifanywe mapema. Upepo wa kusi hupiga pwani ya mashariki moja kwa moja. Paje wanaoteleza majini kwa tiara wanaufurahia, mtoto wako anayepigwa mchanga machoni hataufurahia.

Desemba sitaki hata kuijadili na Mchagga. Mwezi huo ni wa nyumbani, ndafu na mtori, na hoteli nazo zinaongeza bei ya Krismasi na mwaka mpya, nyingine zikilazimisha chakula cha sherehe kwa malipo ya juu. Ninaloshauri ni mwishoni mwa Januari au Februari, kama huna mtoto wa shule: bahari imetulia na kuna kaskazi. Joto lake ni kali, lakini hilo tutalitatua kwa swali moja huko mbele.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya safari kabla ya hesabu ya chumba

Kwa ndege kuna viwanja viwili: KIA, na kile kidogo cha Kisongo, Arusha. Ndege ndogo za Kisongo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mzigo, na wanataka begi laini. Usije na sanduku gumu la magurudumu halafu uanze kuvaa suruali tatu kaunta, nimeshaliona hilo.

Kwa barabara, kosa kubwa ni kudhani utatoka Moshi alfajiri na kulala Unguja siku hiyohiyo. Basi linafika stendi ya Magufuli, Mbezi, alasiri, kisha kuna foleni ya kwenda bandarini, na boti ya mwisho ya kasi huondoka kwenye saa kumi jioni. Lala Dar na uiweke gharama hiyo kwenye bajeti. Au, tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, panda la jioni, uamkie Dar, uwahi boti ya asubuhi. Kwa watoto wadogo sipendekezi. Boti yenyewe ni kama saa mbili. Kipindi cha kusi mkondo wa katikati hurusha; kaa nyuma, chini, karibu na katikati, na usile chipsi mayai bandarini.

Beba kitambulisho cha NIDA. Raia hulipa nauli ya boti kwa shilingi na kwa kiwango chake, na kitambulisho hichohicho ndicho kitakachokupa bei ya raia hotelini.

Kisha kuna gari kutoka bandarini au uwanja wa ndege. Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, zaidi ya saa moja. Daladala zipo, ile 116 inafika Nungwi, nazo ni za bei ndogo kabisa kama huna mizigo wala haraka.

Hatua ya 6: Linganisha reti, usilinganishe bei

Hoteli nyingi zina reti mbili, yaani viwango viwili vya bei: cha wageni wa nje na cha raia au mkaazi. Inayoonekana kwenye mitandao ya kubuki kwa kawaida ni ya wageni wa nje. Usilipe hiyo kabla hujapiga simu na kusema wazi, "Mimi ni Mtanzania, natoka Moshi, naomba reti ya raia." Si kuomba msaada. Ni bei yako.

Baada ya hapo angalia milo. Kuna chumba na chai tu, kuna hafu bodi, yaani chai na chakula cha jioni, kuna fulu bodi, yaani milo yote mitatu, na kuna zile za kila kitu ndani, hadi vinywaji. Nitatoa mfano wa hesabu, tarakimu ni za kufikirika. Hoteli ya kwanza ni 250,000 kwa watu wawili na chai. Ya pili ni 380,000 na hafu bodi. Ya kwanza inaonekana rahisi. Lakini kama iko peke yake porini, chakula cha jioni hapohapo hotelini ni 45,000 kwa kila mmoja, au mnatoka kukitafuta na teksi ni 40,000 kwenda na kurudi. Mkila nje siku ya teksi kwa bei ileile, mmefika 380,000 na mmechoka. Hoteli hiyohiyo ya kwanza ikiwa katikati ya Paje au Jambiani, ambako mnatoka kwa miguu na kupata pweza wa nazi na wali kwa 15,000 kila mmoja, mmetumia 280,000. Kwa hiyo swali linalofuata bei daima ni hili: nikitoka getini kwa miguu saa moja usiku, nakula wapi?

Za kila kitu ndani siziamini sana kwa watu wetu. Unazilipia bia ambazo hunywi. Ila ukienda na vijana wanne wa Njiro, rudi uzipigie hesabu upya.

Uliza pia kama bei ina tozo ya miundombinu, ambayo Zanzibar huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa familia ya watu watano siku nne, si pesa ya kustukizwa nayo siku ya kuondoka.

Hatua ya 7: Piga simu na uulize maswali haya

Piga, usiandike ujumbe tu. Sauti ya mtu wa mapokezi inakwambia mengi. Muulize maji yakipwa kabisa mgeni anaogelea wapi. Anayejua kazi atakujibu bila kusita: "Yakipwa hapa mbele huwezi, dada, utatumia bwawa hadi saa nane." Huyo mwamini. Anayesema "bahari ipo tu muda wote" na hoteli iko Jambiani, kata simu.

Muulize jenereta inabeba nini. Taa na feni tu, au hadi kiyoyozi? Ndilo swali la joto nililoahidi. Mtu aliyezoea usiku wa Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hatalala Februari Unguja kwa feni, na umeme ukikatika saa sita usiku hata feni hana.

Muulize maji ya bafuni yana chumvi au hayana. Visima vya pwani vingi vina chumvi, na nywele zitakuambia siku ya tatu. Muulize kuna chandarua. Muulize "chumba cha kuangalia bahari" kinaiangalia kutoka wapi, maana wengine huita hivyo hata kama unainyemelea kati ya matangi mawili. Muulize pia jirani kuna disko au ujenzi. Kisha mwombe akupigie picha ya ufukwe sasa hivi, wakati mnaongea, akutumie WhatsApp. Wengi hukubali. Picha hiyo moja isiyo na maua wala minazi iliyoinama ndiyo nawaonyesha wateja wangu.

Ukienda Ramadhani, jua kwamba migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana na kula hadharani ni utovu wa adabu, hotelini utahudumiwa. Mwaka wowote, ukitoka ufukweni kuingia kijijini, funika mabega na magoti. Khanga moja kwenye begi inatosha.

Hatua ya 8: Lipa kwa jina la hoteli

Wifi yangu alilipia chumba kwenye ukurasa wenye picha safi na bei tamu, akatuma pesa kwa namba ya mtu binafsi. Alipofika, hoteli ilikuwapo, buking haikuwapo. Tangu hapo sheria nyumbani kwetu ni hii: ankara kwanza, yenye jina la hoteli, tarehe, aina ya chumba, milo na masharti ya kughairi, kisha malipo kwa akaunti au lipa namba inayotokea kwa jina lilelile. Jina likitokea tofauti kabla hujaweka namba ya siri, acha. Namba ya simu itafute mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli au kwenye ramani, usitumie uliyopewa na ukurasa. Na ukipitia wakala wa Arusha, nenda ofisini kwake uione.

Hatua ya 9: Ukifika

Kabla ya kufungua mabegi, fungua bomba la maji moto, washa kiyoyozi, jaribu kufuli ya mlango wa veranda na lala kitandani nusu dakika. Kubadilishiwa chumba saa nane mchana ni rahisi. Saa nne usiku utaambiwa vimejaa.

Ufukweni watakufuata mapapasi, wakiuza safari za kisiwa cha Mnemba, viungo, kofia. Ni vijana wanaotafuta riziki na wengi wana maneno matamu, hasa wakigundua wewe ni wa bara. Ukitaka safari ya boti, kubaliana bei, saa ya kurudi na nani anatoa maboya, kisha lipa mkirudi au nusu kwanza. Boya la mtoto lijaribu mwilini mwake ukiwa bado nchi kavu. Kama halimkai, usipande.

Siku ya mwisho ndiyo huharibu wengi. Chumba kinatakiwa saa nne asubuhi, boti yenu ni ya saa tisa na nusu alasiri, na watoto wanataka kuogelea mara ya mwisho. Omba jana yake, kwa upole, mwachiwe bafu la karibu na bwawa na mahali pa kuweka mizigo. Safari yetu ya pili tulifanya hivyo, kaskazini, siku za maji mafu. Mwanangu alitoka majini saa sita, vidole vimekunjamana, akalala garini na mchanga masikioni hadi bandarini.